Fremu Nyeusi ya Ukurasa wa Saba

Jumanne, saa nne asubuhi, mtu nisiyemjua aliingia kiwandani bila kupiga hodi, akavua kofia, akasema:

"Mimi ndiye yule marehemu wa ukurasa wa saba."

Syokau, mama anayekunja karatasi na kupiga pini, alicheka. Alidhani ni mzaha.

Mgeni hakucheka. Alitoa kijitabu mfukoni mwa koti, akakifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye picha. Nikaitazama picha. Nikamtazama yeye. Masikio ni yale yale yaliyosimama, na paji la uso ni lile lile. Tofauti ilikuwa moja tu. Yule wa kitabuni alikuwa amezungushiwa mstari mweusi, mnene kama kamba ya kiatu.

Mstari huo niliuzungusha mimi.

Ikiwa hukunisoma wiki iliyopita, haya yatakutosha. Mimi ni Lois Mghoi, mzaliwa wa Njukini. Mwaka jana, 1975, nilimaliza masomo ya usanifu wa vitabu huko Nairobi. Kazi niliyoahidiwa akapewa mpwa wa mtu. Stephen, mchumba wangu, akanirudishia barua zangu zote katika bahasha moja, amezipanga kwa tarehe. Ndipo nikapanda treni hadi Voi, nikaajiriwa na Bwana Munyao, mwenye kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya stesheni. Nilidhani mikosi yangu nimeiacha Nairobi. Kumbe tulipanda behewa moja.

Kijitabu kile kilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Shule moja ya msingi huko milimani ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Nilikipenda kijitabu hicho kama mtu apendavyo mtoto wake wa kwanza. Nilikipa pambizo pana, yaani ule weupe unaozunguka maandishi, ili macho ya msomaji yapate pa kupumzikia. Maandishi niliyagawa safu mbili. Vichwa vya habari nikavipa herufi nene, kichwa kimoja tu katika kila ukurasa, maana chuoni tulifundishwa kwamba ukurasa wenye kelele nyingi hausikiki.

Ukurasa wa saba ulikuwa wa wanafunzi wa zamani waliofanikiwa. Hapo palikuwa na picha ya Thadeus Mwandawiro, karani wa reli huko Kisumu. Picha ilipigwa kwenye jua kali, na nyuma yake kulikuwa kweupe kabisa. Picha ya namna hiyo huyeyuka ndani ya karatasi, hujui inaishia wapi. Dawa yake ni kuizungushia mstari.

Mistari yetu myembamba, yaani vile vipande vya chuma vinavyochapa mstari, ilikuwa imepinda. Nikachagua ule mnene.

Mzee Ndeti, mpangaji wetu wa herufi kwa miaka ishirini na minne, alisimama na vipande vile vya mstari mkononi, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, huyu ni mzima?"

"Mzima kabisa, mzee. Yuko reli."

"Basi mbona unamzika?"

Nilicheka. Nikamweleza habari za picha na mandhari nyeupe, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akafunga ukurasa, yaani akazikaza herufi na mistari tayari kwa mashine.

Sasa mtu huyo wa reli alikuwa amesimama mbele yangu.

"Karibu uketi, ndugu," nikamwambia.

"Nimeketi sana kwenye treni, dada." Hakuniuliza jina, wala mimi sikulitaja. "Nataka kujua jambo moja tu. Lakini kwanza usikie."

Akaanza kusimulia, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Sisi ni watu wa Mraru. Shangazi yangu Wakesho ndiye aliyempelekea mama kitabu hiki. Alikwenda mbio, ana furaha. 'Wifi! Wifi! Mwanao yuko kitabuni!' Mama hakujua kusoma. Hakukaa darasani hata siku moja. Lakini ukutani kwetu kuna kadi ya baba, aliyefariki mwaka wa sitini na nane. Picha, na fremu nyeusi. Hiyo mama aliijua kusoma."

Mashine ilikuwa imesimama. Hata Syokau aliacha kukunja.

"Alipiga yowe moja, akaketi chini. Shangazi akamsomea maneno. Mwalimu akaitwa, akamsomea. 'Mama, imeandikwa ni karani wa reli, yuko Kisumu, ni mzima.' Unajua aliwajibu nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Aliwaambia, 'Najua. Hata mume wangu alipokufa nilianza kwa kuambiwa ni mzima.'"

Mzee Ndeti alivua miwani.

Wewe msomaji wa huku kwetu huhitaji kuelezwa. Kifo hakisemwi mara moja. Mama wa marehemu huambiwa mwisho kabisa. Ataambiwa mtoto ana homa kidogo, kisha yuko hospitali, kisha wazee waje waketi. Kwa hiyo kadiri walivyomwambia mama yule kwamba mwanawe ni mzima, ndivyo alivyozidi kuhesabu hatua za msiba. Mwalimu alipokuja na tai shingoni, akajua mambo yamekwisha.

"Alikataa chakula," Thadeus akasema. "Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Telegramu ilipofika Kisumu mimi nilikuwa nimetumwa vituo vya mbali. Niliipata siku ya sita. Mama alizikwa Alhamisi. Nilifika Ijumaa."

"Pole," nikasema.

"Watoto walinikimbia njiani," akasema. "Mzee mmoja akaniuliza nimerudi kufanya nini."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Bwana Munyao alikuwa amesikia yote. Alitoka na ile sura yake ya kanisani, akamshika Thadeus mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu. Ndugu yangu! Msiba huu ni wetu sote. Ulisema unataka kujua jambo gani?"

"Ni nani aliyeweka fremu ile?"

Bwana Munyao hakusita hata kidogo. Anajua kila kitu kinachofanyika katika chumba kile. Michoro ya ukurasa wa saba, yenye mwandiko wangu, aliitia sahihi yeye mwenyewe.

"Ndeti! Nani alifunga ukurasa huu?"

"Mimi," akasema Mzee Ndeti.

"Umesikia, ndugu? Macho yamekwisha, huyu. Nimemvumilia kwa huruma tu. Ndeti, Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Mzee Ndeti alinitazama, mara moja tu, wala hapakuwa na hasira katika macho yale. Yalikuwa yanangoja.

Nami nikatazama kucha zangu.

Ndivyo nilivyofanya, msomaji. Nimeahidi kukuambia kweli wiki baada ya wiki, basi na hii ipokee. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, "Mimi." Nikaangalia wino chini ya kucha zangu kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

Thadeus alimtazama mzee yule kwa muda. "Sikuja kumfukuzisha mtu kazi," akasema. "Nimekuja kuchapisha kadi ya mama. Jumapili hii kuna ibada ya ukumbusho."

Akatoa picha. Ilikuwa ya arusi ya mtu, watu tisa wamepanga mstari, na mama yake mwishoni kabisa upande wa kulia, ana kitambaa kichwani, ameshikwa bega. Hakuwa na picha nyingine. Mama yule alipigwa picha mara moja tu maishani.

Niliweka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, nikachora mistari ya kukata. Picha yenyewe haikatwi. Unachora juu ya karatasi hiyo, kisha unaipeleka yote Mombasa kwa treni, na huko wanachonga kipande cha zinki chenye sura ile unayoitaka. Sisi hukiita bloku.

"Huu mkono begani," nikasema. "Nitasogeza mstari huku, uondoke. Mkono usio na mwenyewe haupendezi katika picha. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mwenyewe yupo," akasema. "Ni mimi. Uache."

Nikausogeza mstari, mkono ukabaki.

"Na fremu?" nikamuuliza.

"Weka nyeusi. Safari hii ni halali."

Kisha akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza.

"Kuna jambo la mwisho, dada. Chini kabisa mnaandikaga mstari mdogo, kwamba imechapwa na nani, wapi."

"Ndiyo. Kila kazi huwa nao."

"Juu yake nataka mwandike jina la aliyeweka fremu ile. Si kwa kisasi. Huko nyumbani wanasema shangazi Wakesho ndiye aliyeleta kifo, eti kilikuja ndani ya kikapu chake. Hapana anayepokea maji kwake. Juzi alipika, chakula kikakaa hadi kikachacha. Mwanamke wa miaka sitini, anakula peke yake nyuma ya nyumba kama mbwa. Nikiwaambia ni makosa ya wachapaji, wananiambia namtetea. Lakini wakiona jina la mtu limechapwa, wataamini. Watu wetu huamini kilichochapwa. Si umeona?"

Niliona.

"Niahidi utaandika jina la kweli, na kadi utaileta wewe mwenyewe Jumapili kabla ya ibada. Hawa wanaume wawili siwajui. Wewe una uso wa mtu anayesikia."

"Naahidi," nikasema.

Alipotoka, Bwana Munyao aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Lois, wewe ni binti mwerevu. Jumatano ijayo wakubwa wa wilaya wanakuja kutoka Wundanyi kuona kama tunaweza kuchapa vitabu vyao vya mwaka mzima. Wanataka kuona mtaalamu mwenye diploma. Diploma ni yako. Ndeti ana nini? Ana miwani."

"Lakini fremu niliiweka mimi."

"Na sahihi niliiweka mimi. Unataka tutangaze na hiyo pia?" Akacheka kidogo. "Andika Ndeti. Yeye anaondoka, jina haliwezi kumuumiza. Mimi na wewe tunabaki."

"Mzee hakukosa kitu. Alinionya."

"Alikuonya, kisha akafunga. Mkono ni wake." Akanifungulia mlango. "Baba yako anaendeleaje huko Njukini? Bado anawaambia watu sokoni kwamba binti yake anatengeneza vitabu?"

Ndiyo, alikuwa bado anawaambia. Kila mwezi aliniandikia hivyo hivyo, kwa kalamu ya risasi. Bwana Munyao huzisoma barua zetu kabla hatujazisoma sisi.

Jioni hiyo, tulipokuwa tunafunga madirisha, nilimwendea Mzee Ndeti. Nilitaka anigombeze. Ingekuwa nafuu.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Nilidhani utasema mwenyewe." Akapangusa mikono. "Usilie kwenye trei ya herufi, zitapata kutu."

"Hizi ni za risasi, mzee, hazipati kutu."

"Basi lia."

Syokau akadakia kutoka kwenye kona yake: "Akilia atalia kwa diploma, huyo. Machozi yenye pambizo pana."

Mzee Ndeti alimkaripia kwa Kikamba. Kisha akaniambia polepole, "Niandike mimi, mwanangu. Mimi narudi Kibwezi kulima. Huko hakuna anayejua fremu nyeusi ni nini. Wewe ndio kwanza unaanza."

Je, unadhani nilikataa? Nilimshukuru. Nilimshika mkono nikamwambia asante.

Bloku ilirudi Ijumaa kwa treni ya asubuhi, imefungwa kwa gazeti. Mama Mkamburi (ndilo lililokuwa jina lake) alikuwa ananitazama kutoka kwenye zinki, kushoto kukiwa kulia, kama ilivyo bloku zote, na mkono wa mwanawe begani.

Nilipanga kadi mwenyewe. Jina lake katikati, herufi za pointi kumi na nane. Tarehe chini yake, ndogo zaidi. Nikaacha weupe mwingi juu na chini, maana mtu aliyekufa apewe nafasi. Mzee Ndeti akaniletea vipande vinne vya mstari mnene, bado vimefungwa kwa uzi.

"Ni vile vile," akasema. "Hatuna vingine."

Nikavipokea, nikavizungusha.

Kisha nikaja kwenye mstari wa chini, wa herufi za pointi sita, ndogo kama punje za wimbi. Thadeus alikuwa ameyaandika maneno mwenyewe, akaacha nafasi ya jina tu. Nikaokota herufi moja moja kwa kibano, nikapanga: *Fremu ya kifo iliyozungushiwa picha ya Thadeus Mwandawiro aliye hai iliwekwa kwa makosa na Ndeti, mchapaji, Voi. Wakesho hana hatia.*

Nikapaka wino, nikatoa prufu, yaani ile nakala moja ya kusomwa makosa kabla ya kuchapa zote. Bwana Munyao akaisoma, akaitia sahihi, akasema, "Sasa umekuwa mchapaji."

Kwa desturi ya kiwanda, msomaji wa mwisho wa prufu ni Mzee Ndeti. Hata siku yake ya mwisho hakuna aliyefikiria kuibadili desturi hiyo. Aliketi, akavaa miwani, akaweka rula chini ya kila mstari kama afanyavyo siku zote. Jina la mama. Tarehe. Mstari wa chini.

Rula ikasimama.

"Hapa pana kosa," akasema.

Nilidhani amebadili nia. Nilitamani awe amebadili nia.

"Herufi e imesimama kichwa chini."

Ilikuwa e ya jina lake. Akanyanyuka, akaenda kwenye ukurasa, akainama juu ya zile herufi za risasi zinazosomwa kinyumenyume. Akaichomoa ile e kwa kibano, akaigeuza, akairudisha, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikakaa sawa na wenzake. Alifanya hivyo kwa uangalifu ule ule ambao ningeuona kama jina lingekuwa la mkuu wa wilaya.

"Sasa ni safi," akasema. "Kosa si vizuri libaki kwenye kazi."

Kisha akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Akampa Syokau mkono. Akanipa mimi mkono. Akaenda zake stesheni.

Jumamosi asubuhi Bwana Munyao alikwenda Taveta kupeleka vitabu vya risiti. Tulibaki mimi, Syokau na mashine. Mashine yetu ni ya kukanyaga kwa mguu. Unakanyaga, taya mbili za chuma zinafunguka, unaweka kadi, zinafunga. Ukichelewesha mkono, inakula vidole.

Niliweka kadi ya kwanza. Mguu wangu ukakataa kukanyaga.

"Unangoja nini?" Syokau akauliza.

"Nangoja nguvu."

"Za kuchapa, au za ile nyingine?"

Nilifungua ukurasa. Nikachomoa jina la Ndeti, herufi tano, nikazirudisha kwenye trei, kila moja katika kijumba chake. Nikaokota L. Nikaokota o. Jina langu lilikuwa refu kuliko lake, kwa hiyo ilinibidi kupunguza nafasi kati ya maneno katika mstari mzima ili litoshe. Herufi moja ikaniponyoka kibanoni, ikaanguka sakafuni, Syokau akanisaidia kuitafuta.

Aliipata, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"M," akasema. "Ya Mghoi?"

"Ya Mghoi."

Alinipa ile herufi. "Kanyaga, basi. Mimi nitakupokelea kadi."

Tulichapa kadi mia moja na hamsini. Kufikia saa nane zilikuwa zimetandazwa juu ya meza zote, wino bado mbichi, akina Mama Mkamburi mia moja na hamsini wakiangalia dari.

Ndipo Bwana Munyao akarudi.

Aliokota kadi moja. Alikuwa na furaha, safari ilikuwa njema. Nilimwona akisoma juu, kati, chini. Kidole gumba chake kikapita juu ya mstari wa mwisho kwa nguvu, wino ukasambaa, lakini jina lilikuwa bado linasomeka.

"Zote ziko hivi?"

"Zote."

"Tia zote motoni. Jumatatu tutachapa nyingine."

"Ibada ni kesho."

"Watamwombea bila kadi. Wengi wameombewa bila kadi."

"Niliahidi, Bwana Munyao."

"Uliahidi!" Alimgeukia Syokau kana kwamba anamtaka shahidi. "Mtoto wa jana ameahidi." Kisha sauti ikashuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Sikiliza vizuri. Ukivuka mlango huu na kadi hizo, usirudi. Barua ya kukusifu kazi sahau. Nitaandika kwa kila mchapaji ninayemjua, Mombasa na Nairobi, kwamba Lois Mghoi aliua mama wa mteja kwa diploma yake. Na baba yako nitamwandikia mimi mwenyewe, kabla wewe hujafika."

"Na Mzee Ndeti? Sasa jina liko wazi. Atarudi kazini?"

Bwana Munyao alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kama mvua ya jana inaweza kurudi mawinguni.

"Ndeti? Ndeti amekwenda. Nimpe nini, nimwambie samahani? Jana nilikuwa nimefukuza mmoja, leo wawili. Hilo ndilo ulilolifanya, binti. Hukumwokoa mtu."

Maneno hayo nimeyageuza kila upande tangu siku hiyo, na bado sijapata mahali pa kuyashikia niyavunje. Kwa habari ya Mzee Ndeti, alisema kweli. Nilikuwa nimechelewa kwa siku nne.

Nilikusanya kadi, nikaweka karatasi laini kati ya moja na nyingine ili wino usigusane, nikazipanga katika boksi. Mikono yangu ilikuwa na wino hadi kwenye viwiko. Syokau alinishikilia mlango, wala hakumtazama bosi.

Jumapili nilifika Mraru saa tatu na nusu. Sikuhitaji kuuliza nyumba, watu walikuwa wamejaa uani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, vichwa vingi vimenyolewa upya. Kwaya ilikuwa inajaribu sauti.

Na nyuma ya nyumba, kwenye kigogo, mwanamke mmoja alikuwa ameketi peke yake, sahani ya viazi vitamu mapajani, mtungi wa maji miguuni pake. Mtungi ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Palikuwa na jua kali na watu karibu mia mbili, na hakuna aliyeutia kikombe.

Thadeus alinijia kwa hatua ndefu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

"Dada! Umefika. Nilimwambia mchungaji, yule msichana atafika."

Akafungua boksi. Akatoa kadi ya juu, akaishika kwa ncha za vidole. Aliutazama uso wa mama yake kwa muda mrefu, kisha ule mkono begani.

"Umeifanya vizuri," akasema. "Ee Mungu. Umeifanya vizuri sana."

Watu walikuwa wanasogea. Mchungaji akachukua kadi. Mwalimu wa tai akachukua. Mjomba mmoja mwenye fimbo akachukua tatu. Kadi zikaanza kwenda mkono kwa mkono kuelekea upande wa wanawake, na nyuma ya nyumba yule mwanamke wa kwenye kigogo akainua kichwa.

Thadeus aliisogeza kadi karibu na macho kusoma zile herufi ndogo za chini. Alisoma polepole, midomo ikifuata maneno. Akafika kwenye jina. Akarudia. Akatazama huku na huku uani, juu ya vichwa vya watu, kama mtu anayemtafuta mgeni ambaye hakualikwa.

"Hapa si Ndeti," akasema kwa sauti. "Lois Mghoi ni nani?"

Nikaweka boksi chini ili mikono yangu, yenye wino bado, ionekane.

"Ni mimi," nikasema.